Kiswahili cha sokoni hakitoshi, walimu wa lugha Kaminuza wapewe nafasi yao

Kuna usemi unaosikika sana maofisini na hata katika vikao vya wazazi, kwamba nchi maskini kama yetu haina haja ya wahadhiri wa lugha. Inasemwa kwamba tunachohitaji ni madaktari, wahandisi na mafundi wa kompyuta, na kwamba hao wanaokaa Kaminuza kufundisha sarufi, ushairi na maandiko ya watu waliokufa zamani wanakula bure fedha za umma. Na linapofika suala la Kiswahili, usemi huo huongezwa chumvi. Kiswahili kila mtu anakijua, wanasema, kinapatikana Buyenzi bila kulipa ada, sasa kinataka profesa wa nini?

Napenda kuujibu usemi huo hadharani, kwa sababu sisi tuliohunguka kutoka Tanzania, pamoja na ninyi mnaovuka mpaka kila wiki kutafuta riziki, ndio tunaolipa gharama yake.

Kwanza tutazame hali ilivyo. Chuo Kikuu cha Burundi kilianza mwaka 1964. Katika kitivo chake cha fasihi na sayansi za binadamu, mpango uliozoeleka kwa miaka mingi ni huu: Kifaransa kina idara yake, Kiingereza kina idara yake, na lugha za Kiafrika zote zimewekwa katika idara moja. Yaani lugha ya Paris ina chumba chake, lugha ya London ina chumba chake, na lugha za nyumbani zimepangishwa chumba kimoja kama wapangaji wa Bwiza. Sisemi kwamba wahadhiri waliomo humo hawafanyi kazi. La hasha! Wengi wao wanafanya kazi kubwa kwa vitabu vichache na mishahara isiyotosha. Ninachosema ni kwamba nyumba yenyewe ilijengwa na watu waliokwisha amua tangu mwanzo ni lugha zipi zinastahili elimu ya juu na zipi ni za kupigia kelele sokoni.

Mwaka 2007 nchi yetu ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na karibu na wakati huo huo Kiswahili na Kiingereza vikaingizwa katika shule za msingi. Lilikuwa jambo jema. Lakini swali la nani atakifundisha halikupewa jibu la maana. Jibu lililopatikana ni lile la haraka haraka: mwenye kukijua akifundishe. Aliyewahi kuishi Kigoma, aliyezaliwa Rumonge, aliyefanya biashara Uvira, wote wakageuka walimu. Ni kama kumwambia mtu awe daktari kwa sababu ana mwili.

Mimi nilizaliwa makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, kwa wazazi waliokimbia mwaka 1972. Nilisoma shule ya msingi na sekondari ya Kitanzania, nikapata ualimu huko huko, nikarudi mwaka 2008 katika lile kundi la watu wapatao 53,000 waliohunguka kutoka makazi ya zamani katika miaka ya 2008 na 2009, wakati wenzetu zaidi ya 160,000 walichagua kubaki na kupewa uraia wa Tanzania. Nilipopeleka vyeti vyangu katika ofisi moja ili vilinganishwe na vya hapa, nilipewa fomu ya Kifaransa, na mtumishi akaniambia kwamba somo la Kiswahili halimo katika orodha yake, hivyo haoni nilisomea nini. Mwaka uliofuata shule moja ilinitafuta kwa udi na uvumba nikafundishe Kiswahili kwa kuwa haikuwa na mtu. Nilicheka, lakini wapo wenzangu waliovunjika moyo wakauza vitenge badala ya kufundisha, na hawakurudi tena darasani.

Sasa nieleze kwa nini kukijua Kiswahili hakutoshi kukifundisha. Naomba msomaji anivumilie kidogo, maana hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu.

Watoto wetu waliorudi kutoka Tanzania walikuja wakisema kusoma, kupima, kukama, kutema. Hapa wakakuta gusoma, gupima, gukama, gutema. Wakajisemea moyoni kwamba Kirundi ni Kiswahili kilichobadilishwa ku kuwa gu. Wakaanza kusema gulima, na darasa zima likawacheka, kwa sababu Kirundi husema kurima. Walipojirekebisha wakaandika kitabo badala ya igitabo, wakachekwa tena. Upande wa pili, mtoto aliyezaliwa hapa akifundishwa Kiswahili anaandika gusoma na kigitabu, na mwalimu asiye na elimu ya lugha anamchapa au anamwandikia sifuri. Wote wawili wanaambiwa hawana akili. Kumbe wote wawili wanafuata kanuni, ila hakuna aliyewaambia kanuni hiyo inaanzia wapi na inaishia wapi.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Weka kidole kooni useme z, utasikia koo linatetemeka. Sema s, koo limetulia. Wataalamu wanaziita konsonanti za kundi la kwanza ghuna na za kundi la pili sighuna. Katika Kirundi, k ya kiambishi hugeuka g pale silabi inayofuata inapoanza na konsonanti sighuna kama p, t, k au s. Ndiyo maana tunasema gusoma na igitabo, lakini kurima na ikirundi. Kiswahili hakina mabadiliko hayo. Basi. Mwalimu anayeijua kanuni hii anaimaliza kwa kipindi kimoja, na mtoto aliyekuwa anachekwa anaondoka akiwa anajua jambo ambalo wanaomcheka hawalijui. Hata neno letu lenyewe, guhunguka, linaitii kanuni hiyo.

Na je, kanuni hii iligunduliwa wapi? Iligunduliwa katika Kinyamwezi, lugha ya Tabora ile ile iliyotupokea. Aliyeiona ni mmisionari Mjerumani, Edmund Dahl, na mwaka 1903 mtaalamu Carl Meinhof akaipa jina la mwanafunzi wake huyo. Mpaka leo vyuo vikuu vya dunia nzima vinaiita Kanuni ya Dahl. Wazazi wetu walilima tumbaku Unyamwezi kwa miaka zaidi ya thelathini, watoto wao wakasikia Kinyamwezi kila siku gulioni, na hakuna aliyetuambia kwamba chini ya miguu yetu kulikuwa na elimu ambayo ingetufaa siku ya kurudi. Hiyo ndiyo kazi ya mhadhiri wa lugha. Hafundishi watu kusema, maana kusema wanajua. Anawaonyesha kile wanachokifanya bila kukiona.

Kuna pia maneno yanayofanana sura na kupishana maana, na haya yana hatari zaidi. Umuti kwetu ni dawa, lakini mti kwa Mswahili ni kile kinachoota shambani. Igiti kwetu ndio huo mti, lakini kiti kwa Mswahili ni cha kukalia. Katika darasa langu mtoto aliwahi kuambiwa alete kiti, akatoka nje akarudi na kipande cha kuni, na kwa kweli hakukosea sana, kwa kuwa mzizi ni ule ule mmoja.

Turudi kwa hao wanaosema maandiko ya kale ni kazi ya watu wavivu. Mtu aliyetupa jina la Kibantu katika elimu ya lugha, Wilhelm Bleek, alipoandika tasnifu yake huko Bonn mwaka 1851 kuhusu ngeli za majina katika lugha za kusini mwa Afrika, aliiandika kwa Kilatini. Alikuwa amefundishwa kuuona mpangilio wa lugha kupitia Kilatini, kisha akaja kuuona mpangilio wetu. Padri Alexis Kagame wa Rwanda, aliyezaliwa mwaka 1912, alipitia seminari ambako Kilatini kilikuwa chakula cha kila siku. Alipopelekwa Roma alimchukua Aristotle, Mgiriki wa kale aliyegawa vitu vyote vilivyopo katika makundi kumi, akamweka mbele ya Kinyarwanda na kumuuliza swali: sisi tunavigawaje? Jibu alilitoa katika kitabu chake cha mwaka 1956. Alisema lugha yenyewe imekwisha gawa: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu. Mwenye akili, kisicho na akili, mahali na wakati, na namna. Maneno hayo manne ni ya Kirundi pia, na msomaji wa Kiswahili anawaona ndugu zake mtu na kitu wamesimama humo humo.

Wapo waliompinga, akiwemo Paulin Hountondji wa Benin, aliyekataa kabisa wazo kwamba falsafa inaweza kuchotwa namna hiyo kutoka lugha au mila ya watu wote kwa jumla. Mimi naona ubishi wao ni afya. Lakini tazama, padri mmoja aliyejua Kilatini na Kigiriki vizuri, na lugha ya mama yake vizuri zaidi, aliifanya dunia ya wasomi ibishane juu ya neno umuntu. Mhandisi hawezi kutufanyia hilo, wala hatumwombi.

Kuna namna mbaya ya kufundisha lugha za kale, sikatai. Kule Malawi, Rais Hastings Banda alifungua mwaka 1981 shule yake ya Kamuzu Academy, Kilatini na Kigiriki vikawa lazima, na walimu wakaletwa kutoka Ulaya. Huko ni kuvaa koti la sufu wakati wa jua kali ili majirani wakuone. Sipendekezi hilo. Ninachotaka ni ule ukali wa kusoma, yaani kulifungua neno, kulipima na kuuliza lilitoka wapi, na uelekezwe kwenye maandiko ya kale ambayo ni yetu.

Maana yapo. Wengi wetu tunadhani Kiswahili kilianza na redio na magari ya mizigo. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728 na Bwana Mwengo wa Athumani, na habari zake ni vita vya Waarabu na Herakali, yaani Heraclius, kaisari wa Warumi wa mashariki ambaye watu wake walisema Kigiriki. Wazungu wanaosoma Kigiriki na Kilatini wanamkuta kaisari huyo katika vitabu vyao, na sisi tunamkuta katika Kiswahili cha kale, kwa hati ya Kiarabu, karibu miaka mia tatu iliyopita. Muyaka wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga mashairi ya siasa na ya mapenzi ambayo mpaka leo yanahitaji mwalimu wa kuyafungua. Mwana Kupona alimtungia binti yake utendi mwaka 1858. Hii ndiyo elimu yetu ya kale. Anayesema Kiswahili hakina kitu cha kufundishwa na profesa hajawahi kukutana na ubeti mmoja wa Muyaka.

Wenzetu wa Dar es Salaam walilielewa jambo hili mapema. Kamati ya lugha iliyoundwa na wakoloni mwaka 1930 ilihamia chuoni hapo mwaka 1964 ikawa taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili, ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, na tangu 2009 inaitwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Humo kuna hazina ya miswada ya kale kwa hati ya Kiarabu. Julius Nyerere, akiwa kiongozi wa nchi, alikaa usiku akamtafsiri Shakespeare, na tafsiri ya Julius Caesar ikachapishwa mwaka 1963. Samuel Mushi akamleta Sophocles, Mgiriki wa kale, akamwita Mfalme Edipode. Sisi watoto wa wakimbizi tulifaidika na kazi hiyo bila kujua nani aliifanya. Mwalimu wetu wa kijijini alikuwa na kamusi mezani, na nyuma ya kamusi ile kulikuwa na jopo la watu waliolipwa kufikiri juu ya maneno.

Sasa nije kwa mfanyabiashara wa mpakani, ambaye huenda amefika hapa akijiuliza Aristotle anamhusu nini. Anamhusu. Katika Jumuiya yetu kuna utaratibu wa wafanyabiashara wadogo: mzigo uliozalishwa ndani ya Jumuiya, ukiwa thamani yake haizidi dola 2,000, unaweza kupewa cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani, na usitozwe ushuru wa forodha. Mama mmoja ninayemfahamu alikuwa akileta mchele wa Tanzania kwa magunia machache. Katika mpaka mmoja, ambao sitautaja, aliwekewa karatasi mbele yake kwa lugha asiyoisoma, akaonyeshwa mahali pa kutia sahihi, akalipa. Alilipa hivyo mara nyingi. Siku mwanafunzi wangu wa zamani alipomsomea tangazo la cheti hicho kwa Kiswahili, alikaa kimya, kisha akaniuliza, "Mwalimu, kumbe karatasi ya kunisaidia ilikuwepo siku zote?"

Ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuifikisha kwake kwa lugha yake, kwa maneno sahihi yasiyoacha mwanya. Kutafsiri fomu ya forodha ni kazi ngumu. Uasili si chimbuko tu, msamaha si punguzo, na neno moja likikaa vibaya mtu anapoteza mtaji. Kazi hiyo haifanywi na kila mwenye kukijua Kiswahili. Inafanywa na aliyefundishwa, na wa kumfundisha yuko Kaminuza au hayuko popote.

Najua kuna wanaohofu kwamba Kiswahili kikipewa kiti kitakimeza Kirundi. Hofu hii naiheshimu kuliko ile dharau ya wenye kutaka wahandisi peke yao. Lakini Kirundi kinazungumzwa karibu na kila Mrundi, kutoka Kirundo hadi Nyanza-Lac, jambo ambalo nchi nyingi za Afrika zinalitamani. Lugha ya namna hiyo haimezwi na jirani. Inadhoofishwa na watoto wake wasomi wanaoiona haifai kuandikia barua ya kazi. Na wanaokilinda Kirundi kwa elimu, kwa kamusi na sarufi, ni wahadhiri wale wale wa lugha ambao wengine wanataka wapunguzwe. Sheria ya lugha ya mwaka 2014 iliongeza Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa, na Kiswahili hakikupata cheo hicho. Rwanda ilikipa cheo hicho mwaka 2017. Umoja wa Afrika ulikifanya lugha ya kazi mwaka 2022. Vyeo ni vyema, lakini cheo bila mwalimu aliyefundwa ni kofia juu ya mti.

Lipo na jambo jingine ambalo watu hawapendi kulisema. Katika Kirundi, kumwita mtu umuswahili mara nyingi ni kumwita mjanja, mtu wa maneno mengi asiyeaminika. Tuliporudi tuliitwa hivyo kwa sababu ya lafudhi zetu, na wafanyabiashara mnaitwa hivyo kila siku. Neno hilo halitafutwa kwa amri ya waziri. Nimeona darasani kwamba linapungua nguvu pale watoto wanapogundua kwamba lugha ya huyo mjanja ina maandiko ya mwaka 1728, ina kanuni, ina watu wazima wenye digrii wanaoumiza vichwa juu yake. Mtoto humheshimu jirani yake anapoona mwalimu anaiheshimu lugha ya jirani huyo.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakuu wa elimu ni kwamba Kiswahili kipewe idara kamili, bega kwa bega na Kirundi, na wahadhiri wake wapewe nafasi ya kwenda kusoma miswada Dar es Salaam na Zanzibar kama wenzao wanavyopelekwa Ulaya. Vijana waliosoma Nyarugusu na Nduta, na waliosoma Ulyankulu, Katumba na Mishamo kabla yao, wasihesabiwe kuwa watu wenye upungufu wa Kifaransa. Wahesabiwe kuwa wanafunzi waliokwisha fika nusu ya safari, kisha waongezewe Kifaransa wanachokihitaji.

Na kwa wahadhiri wenyewe nina neno, maana nao hawakosi lawama. Tasnifu nyingi zinaandikwa kwa Kifaransa kuhusu riwaya za Kifaransa, zinafungwa kabatini, mwandishi anapata digrii na hakuna anayezisoma tena. Teremkeni ziwani. Samaki yule mdogo wa Tanganyika anaitwa indagala Rumonge, ndakala Uvira, dagaa Kigoma, na ukifika upande wa Zambia anaitwa kapenta. Ziwa moja, samaki mmoja, majina manne. Wanunuzi wanapishana bei kwa sababu kila mtu ana jina lake la kipimo na la daraja la ubora. Orodha ya maneno hayo, iliyokusanywa mwaloni kwa subira na kuandikwa kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, ni kazi inayomtosha mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, na ikichapishwa hata kwa karatasi hafifu itanunuliwa Rumonge siku ya kwanza.